Baiskeli Tuliyoichagua kwa Barua

Mtawanya, Kibiti
14 Aprili 2025

Mume wangu, mwenye funguo za moyo wangu,

Assalaam alaykum. Ni siku sita tu tangu uvuke kwenda kisiwa cha Maparoni, na shati lako la kijivu nimeshalikunja na kulikunjua mpaka mama yako amenisema. Uliniambia huko simu inashika mtu akisimama mwisho wa gati, tena kwa bahati. Basi mimi nimefurahi kwamba tutaandikiana barua, nicheke ukitaka. Umenirudisha kwenye siku zile ulipokuja Ikwiriri kumtengenezea mama yangu mlango wa duka la mchele, ukarudi mara nne kuupiga randa mlango usio na kasoro, na kila ukiondoka nakuta karatasi kwenye droo ya mezani. Zote ninazo. Jana nimezisoma tena, hata ile uliyoandika kwa penseli ya fundi, ambayo nusu yake ni vipimo vya bawaba.

Sasa lililonikalisha chini. Mjomba Ashrafu amepiga simu kutoka Mbagala. Zawadi aliyotuahidi siku ya harusi hajaisahau. Siku hizi anaunga baiskeli za umeme pale kwenye karakana yake, zile za milimani zenye tairi nene, na anasema hataki kutupa ya dukani. Anataka tumwambie kila kitu: fremu, mota, betri, breki, mpaka kengele. Atatutengenezea ya kwenda nayo karakanani kwako Kibiti kila asubuhi, na ya kushuka nayo bondeni shambani, njia zile za mchanga na matope. Chagua wewe, nitampelekea mimi kwa simu.

Ila naona wivu kwa ajili ya Phoenix yako, ile baiskeli kuukuu. Unakumbuka siku ya nane, fungate imekwisha, uliponipakia kwenye keria kunitembeza Kibiti? Nilikaa upande, nimeshika mkanda wako, na kila ukipanda kilima nasikia moyo wako ukigonga mgongoni. Nilisali kilima kisiishe.

Shangazi yako Mwantumu amekuja kukaa nasi mpaka mpunga uvunwe. Anasema bibi harusi huangaliwa mpaka mavuno ya kwanza. Likitokea baya nyumbani kabla mpunga haujaingia ndani, basi ameingia na nuksi. Juzi jogoo wa mama kafa. Shangazi akanitazama weee, mpaka nikamwambia, "Shangazi, jogoo yule alikuwa mkubwa wangu kwa umri." Mama alicheka akamwaga uji.

Wako asiyeshiba kukuandikia,
Muzdalifa


Maparoni
22 Aprili 2025

Mke wangu Muzdalifa,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika na Ismaily mwenye boti, inanuka samaki lakini imefika. Mudy, fundi mwenzangu, aliniona ninavyoisoma akaniuliza kama nimepata urithi.

Kazi inakwenda. Ghala la mpunga la hawa wakulima ni kubwa kuliko tulivyoambiwa, boriti zote ni za mikoko, nzito kama deni. Tukimaliza kenchi za paa tunaanza kupiga bati. Mwisho wa Mei niko nyumbani, nakuja kuvuna.

Kuhusu baiskeli, mwambie mjomba hivi. Fremu ndefu ya kiume, yenye bomba la juu, maana hiyo ndiyo ngumu. Mota ikae katikati penye pedeli, si kwenye gurudumu la nyuma, ili nitumie gia kwenye mchanga. Isaidie pale ninapozungusha tu. Kile kitufe cha dole gumba kinachoendesha baiskeli mtu amekaa kama bwana shamba, sikitaki. Hicho ni cha wavivu. Shokapu ya mbele, breki za diski mbele na nyuma. Tairi nene lakini si zile za kupita kiasi, zitanichelewesha kwenye lami. Betri iwe ya kuchomoka, nichajie karakanani, maana nyumbani umeme wetu unaujua.

Na usimwonee huruma Phoenix. Yeye atapumzika, mimi nitapumzika, na wewe vilima vyako nitavipanda pole pole makusudi.

Shangazi mvumilie. Mdomo wake umetufukuzia wachumba wawili wa dada, lakini ukoo wote unamsikiliza.

Mumeo,
Abdulswamadu


Mtawanya
28 Aprili 2025

Swamadu wangu,

Pole pole makusudi! Nimeisoma sentensi hiyo jikoni na maharage yakaungua. Nimewaambia ni moto ulikuwa mkali.

Mjomba amefurahi sana. Anasema, "Mumeo anajua anachotaka, wateja wangu wengi wanachagua rangi tu." Amekubali mota ya katikati. Tairi amesema atafunga za inchi mbili na nusu, zinazopita mchanga bila kuwa nzito kwenye lami. Lakini amegoma jambo moja! Anasema baiskeli za milimani hazina keria, na fremu aliyonayo haina hata matundu ya kuifungia. Nikamwambia, mjomba, bila keria hiyo baiskeli ni ya mjane. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema atachomelea vishikio viwili, vya kubeba kilo tisini. Mimi nina hamsini na saba, hizo nyingine jaza kwa sanduku lako la randa na patasi.

Naomba pia madigadi, marefu, maana njia ya bondeni sasa hivi ni uji. Na rangi iwe ya kijani kama mpunga ukiwa na mwezi mmoja.

Hii naipeleka mwenyewe stendi iende Nyamisati bandarini, Ismaily anaondoka Jumatano. Ukiisikia injini yake, ujue mimi ndiye ninayekuja. Nipokee vizuri.

Wako, wako, wako,
Muzdalifa


Maparoni
9 Mei 2025

Mke wangu,

Salamu. Mimi mzima. Nilichelewa kujibu, kazi imebana.

Nimefikiri upya kuhusu baiskeli. Mwambie mjomba abadilishe fremu, aweke ile ya chini, isiyo na bomba la juu, ambayo mtu anapanda bila kuinua mguu. Na kile kitufe cha dole gumba akiweke. Kiwe na nguvu ya kuanza kabisa kutoka mtu akiwa amesimama, hata kwenye mchanga, bila kuzungusha. Siti iwe ya kupanda na kushuka kwa urahisi.

Keria sawa.

Kazi hapa itazidi kidogo. Sidhani kama nitawahi mwisho wa Mei.

Mumeo,
Abdulswamadu


Mtawanya
15 Mei 2025

Laazizi,

Barua yako ni fupi kama risiti, lakini nimeielewa yote, usijifiche! Fremu ya chini isiyo na bomba! Ni kwa ajili ya dera langu! Siti ya kushuka kwa urahisi, ni kwa sababu nimekuzidi ufupi! Na kitufe ulichokiita cha wavivu umekiweka kwa sababu unajua mke wako hajawahi kuendesha baiskeli kwenye mchanga maisha yake! Unataka niendeshe na mimi. Umekaa huko kwenye mikoko, unapigilia misumari, halafu unawaza nguo yangu isinase kwenye cheni. Nilimsomea mama mstari huo, machozi yakamlengalenga. Shangazi akasema, "Wanaume wa siku hizi." Lakini alirudia mara mbili, kwa hiyo kapenda.

Nimeanza kujifunza kwa Phoenix yako, asubuhi, uwanja wa mpira. Nimeanguka mara tatu. Nilipoanguka mara ya tatu nilicheka peke yangu, nikakumbuka ulivyonifundisha kupiga msumari, ukanishika mkono wote mpaka msumari ukaingia bila mimi kujua. Kila kitu ulichonifundisha umenifundisha kwa kunishika mkono. Rudi unifundishe na hiki.

Mpunga umeanza kuinama. Nimemwagiza mjomba yote, amesema sawa.

Muzdalifa wako, mwendesha baiskeli


Maparoni
27 Mei 2025

Mke wangu,

Nimefurahi kwamba umeipenda fremu. Kama imekufaa, ndiyo makusudi.

Kuna jambo moja la mwisho. Mwambie mjomba mkono wa pedeli ya kulia aufupishe, uwe mfupi kuliko wa kushoto kwa vidole vitatu. Ni kwa sababu ya mizizi kwenye njia ya bondeni, pedeli isigonge. Yeye ni fundi, ataelewa.

Msinisubiri kwenye mavuno. Mwambie mama nimesema kazi. Labda mwezi wa nane.

Jitunze, na usianguke tena.

Abdulswamadu


Mbagala
3 Juni 2025

Mpwa wangu Muzdalifa,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako kila mara nasikia watu nyuma yako, na hili si la watu. Barua hii nimempa dereva wa basi la Kibiti pamoja na mchoro wa baiskeli.

Mizizi haina uhusiano na mkono wa pedeli. Ingekuwa mizizi, ningefupisha yote miwili. Mizizi haichagui kulia. Mkono mmoja ukifupishwa, maana yake goti la upande huo halikunji vya kutosha kufuata mzunguko. Nimeshamtengenezea mzee mmoja wa Tandika baiskeli ya namna hiyo hiyo: fremu ya chini, kitufe cha kuanzia, mkono mfupi. Alikuwa amevunjika goti.

Sasa sema na mimi kweli. Mumeo aliniagiza mwezi wa nne baiskeli ya mwanamume anayepanda kilima. Mwezi wa tano akaniagiza baiskeli ya mtu asiyeweza kuinua mguu. Kimetokea nini katikati? Sifungi hata bolti moja ya baiskeli hii mpaka nijue naifungia goti gani.

Mjomba wako,
Ashrafu


Mtawanya
6 Juni 2025

Abdulswamadu,

Leo sikuiti laazizi, ngoja kwanza nimalize.

Nimesoma barua ya mjomba nimesimama stendi. Kisha sikurudi nyumbani, nimekwenda Nyamisati. Ismaily nimemkuta anamwaga maji yaliyoingia botini. Nikamuuliza, "Kaka, mume wangu anatembeaje?" Akaacha kumwaga maji. Akasema, "Dada, mimi nimeapishwa." Nikamwambia, basi usiseme, tembea tu kama anavyotembea yeye. Akatembea pale kwenye ubao wa gati hatua nne, mguu wa kulia umenyooka kama mpini wa jembe. Hatua ya nne nilimwomba aache.

Akanieleza yote. Kwamba siku ile ya Jumatano ulikuwa juu ya kenchi, ukasikia injini yake, na Mudy alikuwa amechukua ngazi anaitumia upande wa pili. Kwamba hukusubiri ngazi. Kwamba uliruka, ukaangukia rundo la boriti kwa goti, na barua yangu ukaisomea ukiwa umelala. Kwamba mganga wa zahanati alikufunga, akakwambia wiki hiyohiyo uvuke ukapigwe picha hospitali, vinginevyo goti litakaza lisikunje tena. Na wewe ukakataa! Wiki tano, Swamadu! Ukakataa kwa sababu eti wakijua nyumbani umeanguka kabla ya mavuno, na umeanguka ukikimbilia barua yangu, shangazi atasema nuksi, na ukoo utamsikiliza.

Mimi nilikuwa huku nacheza uwanja wa mpira. Nikakuandikia mambo ya dera. Ukaniacha nifurahie goti lako bovu. Hilo ndilo linalouma, si mguu. Ulikuwa unaagiza baiskeli ya kujificha nayo, upande, uendeshe, watu wasione unavyotembea. Ningelala na wewe kitanda kimoja nisijue?

Sasa sikia nilichofanya, usikasirike, na ukikasirika kasirika ukiwa njiani. Nilipofika shambani walikuwa wanapura mpunga, mama, shangazi na wanawake wa jirani kama saba. Nikasema mbele ya wote. Nikawaambia umeanguka, lini, na kwa sababu ya nini. Mpaka barua nikaitaja. Shangazi akasema, "Mimi nilisema tangu jogoo."

Nikamwambia, "Shangazi, kama nuksi ipo, basi nimekuja nayo mimi na mimi ndiye nitakayempeleka hospitali. Lakini mtoto wa kaka yako anaogopa neno lako kuliko anavyoogopa kulemaa. Ukiendelea kulisema, atabaki kule mpaka mguu ugande kama hiyo fimbo uliyoshika. Sasa chagua hapa, sisi tukikuona. Unataka neno lako au unataka mguu wake?"

Swamadu, sijawahi kusema na mkubwa hivyo. Mama hakuinua macho. Shangazi akaendelea kupura, pa, pa, pa, kama hakusikia, makapi yakiruka. Niliondoka nikijua nimeharibu.

Jioni kabla ya magharibi amekuja jikoni na chupa ya mafuta ya nyonyo. Akaiweka karibu na chumvi. "Mpelekee apake. Na mwambie mimi ndiye niliyesema arudi, si wewe." Nikamwambia sawa, shangazi, ni wewe. Akafika mlangoni akageuka: "Na hilo jogoo lilikuwa zee kweli."

Basi umeitwa na shangazi. Boti ya Alhamisi. Nitakuwa Nyamisati tangu asubuhi.

Bado nimekasirika. Bado nakupenda mpaka nashindwa kula.
Muzdalifa


Maparoni
10 Juni 2025

Muzdalifa, mke wangu,

Nimeisoma barua yako mbele ya Mudy, kwa sauti, kwa adhabu. Nilipofika kwenye chupa ya mafuta alipiga goti lake kwa kicheko, kisha akaomba radhi kwa kutaja goti.

Ni kweli yote. Sina la kubishia. Nataka tu ujue kwamba ulipoandika kuhusu dera, nilikuwa nimeshika kalamu kukwambia. Nikasoma furaha yako nikaiona nyepesi kama yai, nikaogopa kuiangusha. Nikasema niache siku moja. Siku ikawa wiki. Nilidhani nakukinga na maneno ya watu, kumbe nimekuacha peke yako nayo, ukayakabili bila mimi. Nisamehe.

Nilikuwa nimepanga nije mwezi wa nane, nishukie kijiji cha mbele, nifike gizani. Sitafanya hivyo. Nakuja Alhamisi, mchana, kwa fimbo. Nitapita katikati ya Mtawanya, na atakayetaka kutazama atazame.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha ubao mwembamba nilichokikata kama pembe. Usidhani ni takataka. Nimelaza mguu mezani, nimekunja goti mpaka mwisho wa maumivu, Mudy akachora kwa penseli, kando ya paja na kando ya muundi, na mimi nikakata kwenye mstari. Hapo ndipo linapofika, halipiti. Mpelekee mjomba. Mwambie ndilo goti analofungia baiskeli, la kulia, na kwamba mizizi niliitunga.

Mumeo,
Swamadu


Mtawanya
2 Agosti 2025

Mjomba wangu mpenzi Ashrafu,

Assalaam alaykum. Utanisamehe kwa ukimya, tulikuwa wa hospitali. Mume wangu yupo hapa nyuma yangu, analalamika kwamba namwandikia mwanamume mwingine barua ndefu. Mwambie mwenyewe ukija kwamba mjomba si mtu wa kuonewa wivu.

Picha ilionyesha mfupa wa goti ulipasuka na ukajiunga wenyewe. Daktari alisema tungechelewa mpaka mwezi huu, asingekuwa na la kutusaidia. Sasa anafanya mazoezi kila siku, mimi nimeshika kisigino, shangazi Mwantumu anahesabu. Akihesabu anarudia namba makusudi ili afanye zaidi, na mgonjwa anamtukana kwa heshima. Mpunga umeingia ndani wote, gunia kumi na moja, na nuksi haijatajwa tena, angalau si mbele yangu.

Daktari ametuuliza kama ana baiskeli. Tukaangaliana tukacheka, akadhani tunamcheka yeye. Anasema kuzungusha pedeli bila uzito ndiyo dawa ya goti kama hili, kila siku, kidogo kidogo. Kwa hiyo tunabadilisha tena oda, mjomba, na hii ndiyo ya mwisho wallahi. Fremu ya chini ibaki, maana mguu bado hauinuki sana, na dera langu nalo lina haki zake. Mota ya katikati kama alivyotaka mwanzo, yenye kumsaidia sana lakini isiyokwenda mpaka naye azungushe. Kile kitufe cha dole gumba usikifunge kabisa. Mwenyewe anakiomba, anasema akikwama mchangani afanyeje. Nimemwambia akikwama nitashuka nisukume. Keria iwe ileile ya kilo tisini.

Mkono wa kulia ufupishe, lakini toboa matundu mawili au matatu, tuwe tunaisogeza pedeli nje kadiri goti linavyokubali. Ili ujue utoboe wapi, nakutumia vipande viwili vya ubao. Kile chenye doa la mafuta alikikata Maparoni mwezi wa sita. Hiki kisafi amekikata jana mchana uani, mimi ndiye niliyechora, na mimi si fundi kwa hiyo mstari si mzuri. Nimevilaza kimoja juu ya kingine: pembe ya cha jana imejifunga zaidi, goti limeongeza kukunja kwa upana wa kidole changu cha kati.

Pima kwa hiki cha jana. Kile cha Maparoni nirudishie kwa dereva wa basi ukishamaliza, nakitaka.

Mpwa wako,
Muzdalifa Swamadu